Filamu Bubu Nyumbani Kwangu

Mwezi huu nimekuja na la moyoni. Kaa vizuri, na kama mwenzi wako yuko karibu mwambie naye asogee, maana linawahusu wote wawili.

Jumamosi moja asubuhi tulikuwa Kamanga, upande wa mjini, tunasubiri kivuko kwenda ng'ambo. Tulikuwa na kazi ya harusi Sengerema. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua shughuli yetu: mimi na mume wangu tunapiga picha na kurekodi video za kicheni pati, sendofu, harusi na ubatizo hapa Mwanza, mwaka wa 12 sasa. Siku hizi lipo daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lakini kwa sisi tunaoishi katikati ya mji kivuko cha Kamanga bado kina utamu wake. Unapanda na mizigo yako, Jiwe la Bismarck linabaki nyuma, upepo wa ziwa unakupiga usoni, na ukishuka unakuta akili imetulia.

Siku ile akili yangu haikutulia.

Kaka wa bwana harusi alikuwa amekuja mjini kutupokea ili tuvuke pamoja. Akampa mume wangu mkono kwa bashasha zote, "Karibu sana mkuu, tumekusikia sifa zako." Kisha akaniangalia mimi, nimekumbatia begi la lenzi na stendi ya kamera iko begani, akauliza, "Na sista huyu?"

Mume wangu, bila hata kufikiria, akajibu: "Huyu ananisaidiasaidia."

Ananisaidiasaidia! Jamani. Mimi ndiye ninayekutana na maharusi, ninayeandika mkataba, ninayedai kianzio, ninayejua shangazi yupi asimame wapi kwenye picha ya ukoo ili kusiwe na ugomvi. Mimi ndiye ninayekaa mpaka saa nane usiku nakata video watoto wakiwa wamelala. Kibao cha duka kina jina lake peke yake, sawa, nilishazoea. Lakini "ananisaidiasaidia" iliniingia kama mfupa wa sato kooni.

Nikanyamaza. Nikanyamaza kivuko kizima.

"Mama Kulwa, umenuna?"

"Sijanuna."

"Umenuna wewe."

"Nimesema sijanuna, Baba Kulwa. Naangalia maji."

Kumbe mkononi nilikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu kile kulikuwa na mwanamke mwingine ambaye angenielewa kabisa.

Kitabu cha milia

Binamu yangu ni dereva wa watalii. Anaingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, hapo barabara ya Musoma. Mgeni wake mmoja alimwachia kitabu cha zamani chenye jalada la milia kama ngozi ya pundamilia, na yeye, akijua napenda mambo ya picha, akaniletea. Kinaitwa I Married Adventure, kilitoka mwaka 1940 na kilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyouzika sana Marekani mwaka ule. Jina lake ni kama mwanamke anakwambia kwamba hakuolewa na mwanaume tu, aliolewa na misukosuko yenyewe.

Mwanamke huyo ni Osa Johnson, nyota wa filamu bubu. Na filamu zake nyingi hazikutengenezwa Hollywood. Zilitengenezwa huku kwetu: Kenya, Serengeti, Kongo.

Osa Leighty alizaliwa Machi 14, 1894, Chanute, mji mdogo katika jimbo la Kansas. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, maisha ya kawaida tu. Mwaka 1910 akakutana na Martin Johnson, kijana wa miaka 25 aliyekuwa ametembea bahari. Martin alikuwa amesafiri Pasifiki na mwandishi maarufu Jack London kwenye jahazi lililoitwa Snark. Alianza safari ile akiwa mpishi, akarudi na picha, na sasa alikuwa anazionyesha watu kwa kiingilio. Wiki chache baada ya kufahamiana, Mei 1910, wakafunga ndoa kimya kimya bila wazazi wa binti kujua. Osa alikuwa na miaka 16. Najua, wewe mwenye binti wa kidato cha tatu umeshashika kichwa. Hata mimi nilikishika.

Wakaanza kuzunguka majukwaani mji kwa mji. Martin anaonyesha picha na kusimulia, Osa anaimba nyimbo za Hawaii akiwa na mavazi ya huko, Hawaii ambako mwanzoni hata hakuwa amefika. Hela ya kubahatisha, vyumba vya kupanga, treni za usiku. Waliishi hivyo kwa miaka.

Mwaka 1917 ndipo wakaenda pamoja kupiga filamu kwenye visiwa vya New Hebrides, ambavyo leo ni nchi ya Vanuatu. Kisiwani Malekula, chifu mmoja aitwaye Nagapate alimshika Osa mkono akawa haonyeshi dalili ya kumwachia. Kwa simulizi yao wenyewe, waliponea pale meli ya doria ya Waingereza ilipotokea ghubani. Na Martin? Martin alikuwa kwenye kamera. Picha zile zikawa filamu ya mwaka 1918 iliyoitwa Among the Cannibal Isles of the South Seas, na watu wakajaa kumwona yule mke mdogo wa Kansas asiyeogopa kitu. Osa akawa nyota.

Mdomo unacheza, maneno ya wengine

Kwa mliozaliwa juzi, ngoja niwaeleze filamu bubu ilikuwaje. Picha zilikuwa zinatembea, ila sauti haikuwemo. Ukumbini palikuwa na mpiga piano, au bendi kama ukumbi una uwezo. Ukimwona mwigizaji anafungua mdomo, unasubiri. Picha inakatwa, inakuja kadi yenye maandishi, unasoma alichosema, halafu picha inarudi. Hata pwani yetu iliwahi kuzifurahia: Zanzibar ilikuwa na jumba lake la sinema, Royal, tangu mwaka 1921. Filamu za kuongea zilianza kushika kasi baada ya The Jazz Singer ya mwaka 1927.

Sasa fikiria. Mwanamke anaongea mbele ya watu elfu, wote wanauona mdomo wake, lakini maneno wanayoyasoma kwenye kadi kaandika mtu mwingine. Akisema "niko tayari," mwandishi wa kadi anaweza kuweka kichekesho kuhusu wanawake na poda. Naye hana la kufanya, filamu imeshatoka.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwanza. Maana si ndiyo maisha ya wake wengi hayo? Unaonekana, kila mtu anakuona, mdomo unacheza. Lakini kadi anaiandika mwingine: "Huyu ananisaidiasaidia."

Na tofauti na waigizaji wengine wa zama zake, Osa hakuvaa nafasi ya malkia wala ya msichana wa kijijini. Aliigiza Osa, mke wa Martin. Suruali ya safari, kofia pana, midomo imepakwa rangi, bunduki mkononi. Hiyo ndiyo nafasi aliyocheza miaka 20 mfululizo.

Mtu wa kamera hawezi kukimbia

Waliingia Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1921, na filamu ya Trailing Wild African Animals ikatoka 1923. Wakarudi 1924, safari hii wakiwa na msaada wa Jumba la Makumbusho ya Historia ya Asili la New York na wa George Eastman, yule mwenye Kodak. Wakaenda mpaka Marsabit, kaskazini mwa Kenya, kwenye ziwa lililo ndani ya kreta katikati ya msitu. Wakaliita Paradise. Wakajenga, wakakaa mpaka 1927.

Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ni mambo ya fani yangu. Kamera ya zama zile haikuwa ya kubonyeza kitufe. Ilikuwa na mpini, unauzungusha kwa mkono, kama mizunguko miwili kwa sekunde, ili ukanda upite na kupiga kama picha 16 kila sekunde. Mkono ukitetemeka, picha inaharibika. Ukisimama, picha inasimama. Kwa hiyo kifaru akija mbio, mpiga picha ana mambo mawili tu: aendelee kuzungusha au aache kazi aliyoifuata bara zima. Hawezi kuzungusha mpini na kushika bunduki kwa wakati mmoja.

Nani alishika bunduki? Osa.

Angalia picha zao. Martin ameinama nyuma ya kamera, jicho limezama, mkono unazunguka. Pembeni yake, hatua moja au mbili, Osa amesimama na bunduki, macho kwa mnyama. Maisha ya mumewe yalikuwa kwenye kidole chake. Na asipofyatua mapema kupita kiasi ndipo filamu inakuwa nzuri, maana mnyama akiuawa mbali hakuna cha kuonyesha. Kwa hiyo kazi yake haikuwa kulenga tu, ilikuwa pia kusubiri. Mimi ninayejua kusubiri bibi harusi atoe chozi lenyewe kabla sijamwashiria mume wangu, niliielewa kazi hiyo mara moja.

Na hiyo ilikuwa sehemu tu. Kule Marsabit alilima bustani ya mboga, alivua samaki, aliwinda kitoweo cha kambi, alisimamia jiko, na jioni akaonekana amevaa vizuri mezani. Kisha akasimama mbele ya kamera akaonekana kama mgeni aliyekuja kutembea tu.

Mwaka 1928 ikatoka filamu yao kubwa, Simba. Ndiyo, jina la Kiswahili kabisa, kwenye majumba ya sinema ya New York. Mwaka huohuo walikuwa tena upande wetu huu wa Tanganyika, kupiga picha za simba Serengeti. Mwaka 1932 ikaja Congorilla, yenye sauti zilizorekodiwa Afrika yenyewe. Mwaka huohuo wote wawili wakajifunza kurusha ndege, na mwaka 1933 wakarudi na ndege mbili za kutua majini na nchi kavu: moja imechorwa milia ya pundamilia, nyingine madoa ya twiga. Wakapiga picha za Serengeti na Mlima Kenya kutoka angani, kitu ambacho siku hizi kijana wa droni anakifanya akiwa na chipsi mkononi.

Martin hakuwa mume mbaya

Msinielewe vibaya. Sijaja kumchora Martin kama bwana mnyanyasaji. Ile ndege ya milia aliipa jina Osa's Ark, yaani Safina ya Osa. Alimweka mbele ya kamera filamu baada ya filamu. Walikaa kwenye ndoa miaka 26 bila mtoto, zama ambazo wanaume wengi wangetafuta sababu ya kuondoka, wakaendelea kusafiri pamoja. Kwa maandishi yao na picha zao, walipendana.

Lakini kwenye matangazo mengi ya filamu iliandikwa "Bwana na Bi Martin Johnson". Soma tena. Bibi huyo ana jina gani? Hana. Ana la mumewe. Vitabu vya mwanzo kuhusu safari zile, Camera Trails in Africa, Safari na Lion, vilitoka kwa jina la Martin. Hata hicho kitabu cha milia nilichoshika mimi, kilichotoka kwa jina la Osa, waliochunguza maisha yake wanasema sehemu kubwa aliandikiwa na mwandishi mwingine. Mpaka kwenye kusimulia maisha yake mwenyewe, kadi iliandikwa na mkono wa mtu mwingine.

Na Osa mwenyewe nisimsifie kupita kiasi. Filamu zile ziliwadhihaki watu wetu. Wambuti wa msitu wa Ituri kwenye Congorilla walifanywa kichekesho cha kuchekesha Marekani. Waafrika waliobeba mizigo, waliofuata nyayo za wanyama, waliopika na kulinda kambi, wengi wao huwasikii majina. Mmoja anayetajwa ni Boculy, fundi wa kufuata nyayo za tembo, na bila watu wa aina yake hakuna ziwa wala filamu. Kwa hiyo mwanamke aliyeandikiwa kadi na wengine, naye alishiriki kuwaandikia wengine kadi. Hilo nililipita haraka nikisoma. Baadaye lilinirudia, nitawaambia.

Januari 1937

Januari 12, 1937, walikuwa Marekani kwenye ziara ya kuonyesha filamu na kutoa mihadhara. Ndege ya abiria waliyopanda kwenda Burbank, California, ikaanguka milimani. Martin akafariki kesho yake, akiwa na miaka 52. Osa akatolewa akiwa ameumia vibaya mguu.

Hapa ndipo nilipolia, tena mbele za watu.

Ziara ilikuwa imeshapangwa na kumbi zimeshakodiwa. Osa akaimaliza, akienda jukwaani kwa kiti cha magurudumu. Kabla mwaka haujaisha akarudi Afrika Mashariki kuongoza msafara wa kupiga picha za filamu ya Stanley and Livingstone, iliyotoka 1939, ile hadithi ya watu wawili waliokutana Ujiji. Kikaja kitabu, na filamu ya jina hilohilo mwaka 1940. Mwaka 1952 akawa na kipindi chake cha wanyama kwenye televisheni, The Big Game Hunt, zama ambazo vipindi vya aina hiyo ndiyo kwanza vinaanza. Aliwahi hata kutajwa miongoni mwa wanawake wanaojua kuvaa Marekani, na kampuni moja kubwa ya nguo ikaja kufungua maduka yaliyoitwa Martin + Osa kuanzia 2006 mpaka 2010.

Haikuwa raha tupu. Aliolewa tena, na meneja wake Clark Getts, ndoa ikavunjika 1949. Akafariki New York Januari 7, 1953, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 58. Mama yake mzazi akahifadhi vitu vyao, na mwaka 1961 likafunguliwa jumba la makumbusho kwao Chanute, lenye majina yote mawili: Martin na Osa Johnson.

Ninachowaomba mkione ni hiki. Osa aliweza kusimama kwa sababu kazi alikuwa anaijua kutoka chini mpaka juu. Ila dunia ilianza kumwita kwa jina lake baada ya mume kuzikwa. Kwa nini isiwe wakati wote wawili wako hai, wanakula meza moja?

Supu ya Kamanga

Harusi ilikwenda vizuri. Jumapili asubuhi tukawa Kamanga ya ng'ambo, tunasubiri kivuko cha kurudi. Tukakaa kwa mama lishe, supu ya sato na chapati. Mume wangu akachukua kile kitabu, akafungua kwenye picha: Martin kwenye kamera, Osa na bunduki.

"Huyu mwanamke hapa anafanya nini?" akauliza.

Nikamjibu, "Anamsaidiasaidia."

Akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akaweka kijiko chini.

"Mama Kulwa. Kumbe ni lile la jana."

"Ni lile la jana."

"Nilisema kwa mazoea tu."

"Najua. Ndiyo maana limeniuma. Ungelisema kwa hasira ningejua hasira zitaisha."

Akakaa kimya, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Sasa ungetaka nisemeje?"

Wapenzi wasomaji, sikuwa na jibu. Miaka 12 nimelalamika moyoni na sikuwa nimeandaa hata sentensi moja. Tena nikakumbuka kwamba mama yangu akipiga simu mimi mwenyewe husema, "Niko dukani kwa Baba Kulwa." Kadi nilikuwa naiandika mwenyewe, kwa mkono wangu!

Mwisho nikamwambia hivi. "Pacha wetu walipozaliwa, hatukuhangaika na majina. Kwa Wasukuma yanajulikana, Kulwa na Doto. Umewahi kumsikia mtu anasema Kulwa ndiye mtoto, Doto anamsaidiasaidia?"

Akatikisa kichwa. "Umenipata," akasema. Kisha akanyoosha kidole kwa kijana wetu wa mizigo, aliyekuwa amelala juu ya mabegi, amechoka hoi. "Na yule je? Mwisho wa video zetu nani huandika majina?"

Mimi. Naandika jina la mume wangu na la duka. Kijana yule ana miaka mitatu na sisi, taa zote anazishika yeye, na jina lake sijawahi kuliweka hata mara moja. Nikakumbuka Boculy na wenzake wasio na majina. Supu ikanishinda.

Kabla hamjalala leo

Kama unafanya kazi na mwenzi wako, au mmoja anaendesha biashara na mwingine "anasaidia", kaeni mjibu haya, bila kelele:

1. Nikitambulishwa kwa mteja, nitambulishwe vipi? Sentensi yenyewe itamkwe, wote muisikie. Usimwachie mwenzako aotee.

2. Jina lililosajiliwa ni la nani? Pale BRELA mnaweza kusajili jina la biashara kama wabia, wote wawili mkaonekana kwenye karatasi. Karatasi haijui mapenzi, inajua kilichoandikwa.

3. Akaunti ya benki, namba ya mlipakodi, leseni, madeni ya wateja: mmoja wetu akilazwa hospitali kesho, mwingine anajua pa kuanzia? Osa hakupewa notisi.

4. Nani mwingine tumemsahau? Dada wa nyumbani anayelea watoto ili wewe uende kazini, kijana wa duka, mdogo wako anayeshinda nao wakati wa msimu wa harusi.

Na kwa yule anayedhani kazi isiyo na mshahara si kazi, nimkumbushe kwamba mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani nazo ni mchango katika mali ya wanandoa, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya 1971. Lakini kwa nini mambo yafike mahakamani wakati supu ya Kamanga ipo?

Mmeniuliza mwisho wake? Kibao cha duka hakijabadilishwa, ada za shule zimetangulia, fundi wa mabango atasubiri. Kitabu cha risiti kipya kina majina mawili. Jina la kijana wetu liko mwisho wa video ya harusi ile ya Sengerema, na nasikia ameituma kwa kijiji kizima.

Wiki iliyofuata alikuja mteja dukani. Mume wangu akakohoa kidogo kama mtu anayesoma risala, akasema: "Huyu ni mke wangu na mwenzangu wa kazi. Mambo ya bei ongea naye."

Nikaongea. Nikapandisha bei.

Tukutane mwezi ujao, na muwe mnaongea.